Kerala ilitangaza fedha kwanza, ikafunga milango baadaye

Machi 19, 2020, Kerala ilikuwa na wagonjwa wa korona wasiofika thelathini na haikuwa imezika hata mmoja. Siku hiyo Waziri Kiongozi wa jimbo, Pinarayi Vijayan, aliwaita waandishi wa habari mjini Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo, akatangaza mpango wa rupia bilioni 200 wa kuwasitiri watu na kuukinga uchumi. Siku nne baadaye akafunga jimbo zima. Kesho yake usiku Waziri Mkuu Narendra Modi naye akaifunga India yote, akiwapa watu zaidi ya bilioni moja notisi ya saa nne.

Mengi yameandikwa kuhusu Kerala na korona, na karibu yote yako makundi mawili. Mwaka 2020 ilikuwa sifa tupu: jimbo maskini lililoushinda ugonjwa uliowatoa jasho matajiri wa Ulaya, waziri wa afya aliyekuwa mwalimu wa sekondari akialikwa na Umoja wa Mataifa kusimulia walivyofanya. Mwaka 2021 ikawa lawama tupu: nusu ya wagonjwa wapya wa India nzima wanatoka jimbo moja dogo, mfano umeporomoka. Naona makundi yote mawili yalikuwa yakihesabu kitu kisicho chenyewe. Yalihesabu wagonjwa. Cha kutazama ni zile siku nne kati ya fedha na kufuli, mabomba ambayo fedha ile ilipitia, na nani aliachiwa bili mwishowe.

Kerala ni ukanda mwembamba wa pwani kusini-magharibi mwa India: watu kama milioni 35, minazi, mvua, samaki, nyumba zimesongamana kiasi kwamba hujui kijiji kinaishia wapi na mji unaanzia wapi. Kwa msomaji wa Mombasa au Unguja si mahali pageni kabisa. Vasco da Gama alipong'oa nanga Malindi mwaka 1498 na rubani aliyempata pale, alikotia nanga ni jirani na Kozhikode, mji wa Kerala. Na aliyewahi kutafuta riziki Doha, Dubai au Maskati amefanya kazi na Wamalayali, yaani watu wa Kerala, au chini yao. Utafiti wa uhamiaji wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa zaidi ya milioni mbili wako nje, wengi wao Ghuba, na pesa wanazotuma nyumbani ndizo zinazojenga zile nyumba za ghorofa katikati ya mashamba ya mpira.

Lakini Kerala ni jimbo, si nchi, na hili wanaoisifu husahau. Afya iko mikononi mwake, polisi pia. Viwanja vinne vya ndege vya kimataifa vimo ndani ya ardhi yake, ila nani atue na nani asitue huamuliwa Delhi, iliko serikali kuu. Haichapishi noti. Hata kukopa hukopa kwa kiwango ambacho serikali kuu imekiweka. Kwa hiyo jimbo lilikuwa na uwezo wa kumfungia mtu ndani, lakini uwezo wa kumlisha akiwa huko ndani lilipaswa kuutafuta.

Tuifungue ile bilioni 200. Bilioni 140 kati yake zilikuwa malimbikizo: serikali iliahidi kwamba kufikia Aprili itakuwa imelipa madeni yote inayodaiwa. Mwenye nongwa atasema hapo hapakuwa na mpango wowote, ni mdaiwa sugu anayetaka kupigiwa makofi kwa kulipa deni. Kuna ukweli ndani yake. Lakini kwa fundi aliyejenga kalvati ya serikali mwaka uliopita na bado hajalipwa, malipo ya malimbikizo ni fedha taslimu mkononi katika mwezi ambao hana kazi nyingine. Serikali zetu zinazokaa na hati za malipo za wakandarasi wadogo miaka mitatu zingeelewa, kama zingetaka kuelewa.

Zilizobaki ziligawanywa hivi. Bilioni 20 mikopo kwa akina mama kupitia vikundi vyao, riba ikibebwa na serikali. Bilioni 20 nyingine kazi za vibarua vijijini chini ya mpango wa kitaifa wa ajira. Bilioni 13.2 pensheni za wazee, wajane na walemavu, miezi miwili kwa mkupuo. Bilioni 5 za afya. Bilioni 1 kwa kaya zisizopokea pensheni yoyote, rupia 1,000 kila kaya, na bilioni 1 ya nafaka ya bure. Na chini kabisa ya orodha, nusu bilioni kwa migahawa elfu moja itakayouza sahani ya chakula kwa rupia 20.

Hilo fungu dogo kuliko yote ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu waliopewa kuiendesha migahawa hiyo walikuwepo tayari. Wanaitwa Kudumbashree. Ni mtandao wa wanawake ulioanzishwa na serikali ya jimbo mwaka 1998, mwanamke mmoja kutoka kila nyumba, vikundi vya majirani kumi hadi ishirini, vinavyokutana kila wiki kuweka akiba na kukopeshana. Fikiria vikoba vya mtaani kwenu, kisha fikiria kila kikoba nchini kina ngazi juu yake inayokiunganisha na kata, na kata na halmashauri, na halmashauri ina bajeti yake yenyewe. Wanachama ni zaidi ya milioni nne katika jimbo lenye kaya zisizofika milioni tisa. Halmashauri zenyewe zilipewa meno mwaka 1996, serikali ya mrengo wa kushoto ya wakati huo ilipoamua kuwa zaidi ya theluthi moja ya fedha za maendeleo zishuke moja kwa moja hadi huko chini.

Kwa hiyo agizo la jiko la jamii katika kila halmashauri lilipotoka mwishoni mwa Machi, hakuna aliyeanza kuandika pendekezo la mradi. Zaidi ya majiko elfu moja yalikuwa yanawaka ndani ya siku chache. Diwani wa kata anajua bibi yupi anaishi peke yake, kiongozi wa kikundi anajua nyumba ipi baba amekwama Bahrain na hajatuma kitu. Wali, mchuzi na mboga vinatoka jikoni mchana. Kijana wa kujitolea anapeleka kwa pikipiki. Asiyejiweza halipi. Mwingine analipa rupia 20, na 5 za kupelekewa mlangoni. Watoto wa chekechea waliokuwa wakila shuleni walipelekewa chakula chao nyumbani.

Kisha ikaja mifuko. Kila mwenye kadi ya mgao, tajiri kwa maskini, alipewa mfuko wa vitu 17: sukari, chumvi, choroko, dengu, mafuta ya nazi, majani ya chai, unga wa ngano, pilipili ya kusaga, manjano, uwatu, haradali, sabuni ya kufulia. Wachumi wa shule ya kulenga walengwa watakuna vichwa: kwa nini umpe mwenye gari? Jibu la Kerala lilikuwa kwamba kumchuja mwenye gari kunachukua wiki tatu, na njaa haingoji orodha ihakikiwe. Matajiri wengine waliurudisha mfuko. Wengine walikula, na sioni kosa kubwa hapo.

Linganisha na kilichotokea huku kwetu wiki ileile. Kenya nayo ilitangaza fedha kwanza, tuseme ukweli. Machi 25, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, akamfutia kodi ya mapato anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, akatenga shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Siku mbili baadaye kafyu ikaanza, na jioni ya siku ya kwanza askari wakawapiga virungu na mabomu ya machozi watu waliokuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni wakijaribu kuwahi nyumbani kabla ya saa moja. Kwa hiyo tarehe peke yake hazitoshi. Nafuu ya kodi humfikia mwenye hati ya mshahara. Mama anayekaanga viazi pale kivukoni hana hati ya mshahara, na hakuna mtu wa serikali aliyejua jina lake isipokuwa askari wa kanju, wale wa kaunti. Kazi Mtaani, mpango uliowalipa vijana wa mitaa ya mabanda kufagia na kuzibua mitaro, ulikuja wiki kadhaa baadaye, na ulikuwa mzuri. Ila kirungu kilikuwa kimeshafika.

Upande wa afya nitaupitia haraka kwa kuwa umesimuliwa sana. Mgonjwa wa kwanza wa korona India nzima alipatikana Kerala, wilaya ya Thrissur, Januari 30, 2020: mwanafunzi wa udaktari aliyerudi kutoka Wuhan. Chumba cha uratibu kilikuwa kimefunguliwa tangu Januari 24. Waziri wa afya, K. K. Shailaja, ambaye watu humwita Teacher hadi leo, hakuwa na kipaji cha unajimu. Alikuwa na uzoefu wa Nipah. Mei 2018 kirusi hicho kinachobebwa na popo kiliua watu 17 Kozhikode na Malappuram, akiwemo muuguzi kijana aliyemhudumia mgonjwa wa mwanzo, na wizara ikajifunza kwa machozi namna ya kumtafuta kila aliyegusana na mgonjwa. Mwaka huohuo yakaja mafuriko makubwa yaliyowafundisha madiwani kuendesha kambi.

Kitu kimoja nitakitazama kwa karibu. Mwishoni mwa Februari 2020, familia iliyotoka Italia ilifika wilaya ya Pathanamthitta bila kujitambulisha kwa maafisa wa afya, ikazunguka wiki nzima. Walipogundulika, ofisi ya wilaya ilichora ramani: saa fulani walikuwa benki, saa fulani duka la vito, saa fulani kanisani. Majina hayakuandikwa. Ramani ikasambazwa kwa simu, na atakayejiona ndani yake apige namba hii. Mamia walipiga wenyewe. Wazazi wazee wa familia hiyo, baba wa miaka 93 na mama wa 88, waliambukizwa, wakalazwa hospitali ya serikali ya Kottayam, wakapona wote wawili. Ramani ile iliwezekana kwa sababu watu waliamini kwamba atakayepiga simu atapelekewa chakula karantini, na si difenda.

Sijaandika hapa tenzi ya sifa, kwa hiyo tuingie kwenye makunyanzi.

Vibarua kutoka Bengal, Assam na Bihar wanaofanya kazi za ujenzi Kerala serikali iliwapa jina la heshima, wafanyakazi wageni wetu. Mwanzoni mwa Aprili, zaidi ya nusu ya kambi zote za vibarua zilizofunguliwa na majimbo ya India zilikuwa Kerala. Wakati huohuo barabara kuu za kaskazini zilijaa watu wanaotembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi makwao, watoto mabegani. Hata hivyo Machi 29 mamia ya wageni hao waliingia barabarani pale Payippad, wilaya ya Kottayam, wakidai kurudishwa makwao na kulalamikia chakula. Mtu wa Bihar aliyezoea chapati na viazi vyake analetewa wali na mchuzi wa Kerala, kila siku, bila kuulizwa. Serikali ikaanza kuwapa malighafi wapike wenyewe. Jiko linaloendeshwa na majirani linawajua majirani. Mgeni halimjui vizuri.

Pombe nayo ilileta vioja. Jimbo ndilo muuzaji pekee wa jumla wa pombe kali kupitia shirika lake, na kodi ya pombe ni mhimili wa bajeti, hata chini ya Wakomunisti wa Vijayan. Maduka yalipofungwa, walevi sugu kadhaa walijiua kwa maumivu ya kukosa kinywaji. Serikali ikaagiza kwamba mwenye cheti cha daktari auziwe. Madaktari wakagoma kuandika pombe kama dawa, na Mahakama Kuu ya Kerala ikalisimamisha agizo hilo mapema Aprili. Mei ikaja programu ya simu ya kupanga foleni ya kununua chupa, na siku ya kwanza ikazidiwa na wateja.

Lililo zito zaidi lilitokea Poonthura, kijiji cha wavuvi pembeni ya Thiruvananthapuram. Julai 2020 maambukizi yalilipuka hapo kupitia soko la samaki, na Julai 17 Vijayan mwenyewe akakiri kwamba ugonjwa sasa unasambaa ndani ya jamii Poonthura na Pulluvila. Safari hii walioingia mwanzo walikuwa makomando wa polisi. Kijiji kilizungushiwa ulinzi mkali, wavuvi wakazuiwa kwenda baharini, na Julai 10 wakazi wakamiminika barabarani wakilalamika kwamba wameachwa bila mahitaji. Ni Likoni kasoro feri. Serikali ileile, waziri yuleyule, na palipotangulia askari badala ya sufuria watu walifanya kile ambacho watu hufanya popote. Wavuvi wa Kerala kwa miaka mingi wako pembezoni mwa ule ustawi unaosifiwa na maprofesa, na ugonjwa uliwakuta palepale.

Mipaka nayo. Ndege za kuwarudisha nyumbani Wamalayali wa Ghuba zilianza Mei 7, 2020. Watu waliofukuzwa kazi Dubai, wajawazito, wazee waliokwenda kutembelea watoto wao. Mwishoni mwa mwezi Vijayan akatangaza kuwa wanaorudi wajilipie karantini. Kelele zikawa kubwa hadi ikabidi maskini waondolewe. Juni jimbo likataka kila abiria wa ndege za kukodi awe na cheti cha kutokuwa na korona, wakati ambapo kwa kibarua wa Riyadh cheti hicho kilikuwa ndoto, na likarudi nyuma tena. Watu hao ndio waliojenga uchumi wa Kerala kwa miaka 50 kwa kulala wanane chumbani. Zaidi ya milioni moja walirudi kabla janga halijatulia, ingawa wengi baadaye waliondoka tena. Nimewasikia wenzetu wa pwani wakisimulia hadithi ileile ya Ghuba kwa upande wao, tofauti ikiwa kwamba wao hawakuwa na serikali ya jimbo ya kuikasirikia.

Sasa tuje kwenye hesabu ya vifo, na hapa nitakaa kidogo.

Juni na Julai 2021 Baraza la Utafiti wa Tiba la India lilipima damu za watu nchi nzima kuona wangapi wana kinga. Wastani wa India ulikuwa asilimia 67.6. Kerala ilikuwa 44.4, ya chini kabisa kati ya majimbo yaliyopimwa. Maana yake ni kwamba baada ya mwaka mmoja na nusu, zaidi ya nusu ya watu wa Kerala hawakuwa wameguswa na kirusi wala chanjo. Jimbo lilikuwa limenunua muda. Kirusi cha Delta kilipofika kikakuta kuni nyingi ambazo hazijaungua, na ndiyo maana Agosti 2021 zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya wa India walitoka huko. Aliyesoma gazeti tu aliona aibu. Lakini muda ule ulikuwa na faida yake: chanjo zilikuwa zimeshafika. Wauguzi wa Kerala walikuwa wamejipatia sifa hata kwa Modi kwa kukamua dozi ya 11 kutoka kwenye kichupa cha dozi 10, kwa kutumia ile ziada ndogo inayowekwa na kiwanda, hivi kwamba kufikia Mei jimbo lilikuwa limechanja dozi nyingi kuliko ilizopokea. Mwisho wa Septemba zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi walikuwa wamepata dozi ya kwanza. Na Aprili, jiji la Delhi lilipokuwa linazika watu kwa kukosa oksijeni, Kerala ilikuwa inapeleka ya ziada kwa majirani zake.

Haikuwa yote busara. Julai 2021 serikali ya jimbo ililegeza masharti siku tatu kwa ajili ya wafanyabiashara kabla ya Idi ya Kuchinja, na Mahakama ya Juu ya India ikaikemea waziwazi. Kupumua kidogo mwaka wa uchaguzi na sikukuu ni ugonjwa wa serikali zote.

Halafu vifo vyenyewe. Mwaka 2020, wakati sifa zimepamba moto, Kerala ilikuwa ikipunguza hesabu yake. Mwenye korona aliyekuwa na saratani au figo mbovu mara nyingi aliandikwa kafa kwa saratani au figo. Kundi la wananchi wa kujitolea lilikaa likahesabu habari za vifo kwenye magazeti ya Kimalayalam na televisheni, likapata idadi kubwa kuliko ya wizara. Baadaye, Mahakama ya Juu ilipoamuru familia za waliokufa kwa korona zilipwe fidia, jimbo likafungua upya mafaili. Kuanzia Oktoba 2021 maelfu ya vifo vya nyuma vikaongezwa, na jumla ikaishia kupita 70,000. Hiyo ni nafasi ya pili India, nyuma ya Maharashtra. Jimbo lenye asilimia mbili na nusu ya watu lina kama asilimia 13 ya vifo rasmi.

Je, Kerala iliua watu mara tano ya wengine? India iliandika vifo 530,000 na ushei. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 4.7 kwa miaka ya 2020 na 2021 pekee. Serikali ya Delhi iliyakataa makadirio hayo kwa hasira. Tofauti hiyo yote iko mahali fulani, kwenye majimbo ambako mtu hufa nyumbani, huchomwa kando ya mto, na hakuna karani anayeandika. Kerala karibu kila kifo husajiliwa. Matokeo yake jedwali linamtia adabu aliyehesabu na kumpa zawadi asiyehesabu. Sifa zilikuja wakati jimbo linapunguza hesabu, lawama zikaja lilipoanza kuhesabu sawasawa. Tanzania, ambayo takwimu zake ziligota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 tangu Mei 2020 hadi karibu katikati ya 2021, kwenye jedwali hilo ingeonekana mbora wa wote. Vijayan alikuwa anakaa mbele ya kamera karibu kila jioni akisoma idadi, zikiwa nzuri zikiwa mbaya. Nampa alama kwa hilo kuliko kwa ramani ya Pathanamthitta.

Wapiga kura walimpa nao. Mei 2, 2021 muungano wake ulirudi madarakani na viti 99 kati ya 140, jambo ambalo halikuwa limetokea Kerala kwa miaka 40 na zaidi, kwa kuwa watu wa huko hupenda kubadilisha serikali kila uchaguzi. Shailaja alishinda jimboni kwake Mattannur kwa tofauti ya kura zaidi ya 60,000, kisha chama kikamwacha nje ya baraza jipya la mawaziri. Wenye chama walisema ni kanuni ya sura mpya. Waziri Kiongozi alibaki yuleyule.

Na bili? Aprili 7, 2020, Kerala ilikwenda sokoni kukopa na ikatozwa karibu asilimia 9 kwa hati fungani za miaka 15. Waziri wa fedha, Thomas Isaac, alilalamika kwa sauti, na alikuwa na haki: jimbo linalochukua jukumu mapema hutozwa ghali kana kwamba limekuwa la hatari zaidi. Mapato ya bahati nasibu, pombe na petroli yalikuwa yamekauka. Serikali ikaamua kushikilia mshahara wa siku sita kila mwezi, kwa miezi mitano, kwa watumishi wake wanaolipwa zaidi ya rupia 20,000. Walimu wengine wakachoma moto nakala za waraka huo hadharani, Mahakama Kuu ikausimamisha, na serikali ikatunga sheria ya dharura ndani ya siku chache kupita njia ya pembeni. Delhi kwa upande wake ilichelewesha fidia ya kodi ya bidhaa na huduma iliyokuwa imeyaahidi majimbo, na Agosti waziri wa fedha wa India akajitetea kwa kuliita janga kazi ya Mungu. Kikomo cha kukopa kilipandishwa kutoka asilimia 3 ya pato la jimbo hadi 5, lakini sehemu kubwa ya nyongeza ikafungwa kwa masharti.

Fedha nyingine ilivuja ndani. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyowasilishwa Januari 2025 ilionyesha kwamba mwishoni mwa Machi 2020 shirika la jimbo la ununuzi wa dawa lilinunua mavazi ya kinga kwa rupia 550 moja, na siku mbili baadaye likanunua kwa kampuni nyingine kwa 1,550. Serikali hujitetea kwamba soko lilikuwa limechafuka. Lilikuwa limechafuka kweli, ila siku mbili.

Deni la janga halikuisha na janga. Kufikia 2024 zile pensheni zilizolipwa kwa mkupuo Machi 2020 zilikuwa na malimbikizo ya miezi kadhaa, na wajane wakawa wanahojiwa na televisheni wakiomba kilicho chao. Desemba 2023 jimbo lilikuwa limeishtaki serikali kuu katika Mahakama ya Juu kuhusu mipaka ya kukopa. Delhi inasema Kerala imetapanya. Kerala inasema Delhi inaibana koo kwa sababu za kisiasa. Zote mbili zina karatasi za kuonyesha.

Waliobaki chini kabisa ya ngazi ni wahudumu wa afya ya jamii, wanaoitwa ASHA, wanawake kama 26,000 katika jimbo. Hao ndio waliogonga milango ya karantini mara mbili kwa siku kuuliza homa, waliobeba dawa za sukari na presha kwa wazee, walioandika majina yaliyoingia kwenye ramani. Kisheria si waajiriwa. Ni wajitoleaji wanaopewa posho, kama wenzao wa huku kwetu walivyokuwa kwa miaka mingi. Februari 2025 walipiga kambi mbele ya jengo la Sekretarieti mjini Thiruvananthapuram, mvua na jua, kwa miezi. Wengine wakanyoa nywele hadharani. Walitaka posho ya rupia 7,000 kwa mwezi ipande hadi 21,000. Serikali ya jimbo iliwajibu kwamba mpango ni wa Delhi na Delhi haijaleta sehemu yake. Delhi ikajibu kwamba imeshaleta.